Mdomo Usio na Hatamu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Tumetoka kliniki. Baba Anitha katembea mwenyewe hadi kwenye bajaji – asante Mungu! Miezi mitatu baada ya kiharusi, miguu imerudi. Maneno bado. Munira, binti wa Kondoa anayemfundisha kuongea upya, kaniamkia vizuri, kisha akanipasulia: mama, kila nikimuuliza baba, unajibu wewe. Atachoka kujaribu. Hesabu mpaka ishirini ndipo ufungue mdomo.

Ishirini! Mimi sijawahi kuvuka nne.

Jumatano, 4 Juni

Anitha kaja kutoka chuoni Chimwaga. Katika kupekua sanduku kutafuta kadi ya kliniki, kaibuka na ripoti yangu ya kidato cha pili. Mwalimu wa Kiingereza kaandika: "Evelina is unbridled."

Miaka yote najua ni sifa! Hata Baba Anitha nilimwonyesha enzi za uchumba.

Anitha kacheka mpaka kakaa chini. Kafungua kamusi kwenye simu. Maana yake bila hatamu – zile kamba za kichwani mwa farasi, na chuma mdomoni. Asili yake neno la kale la kuvuta kwa kushtukiza. Yaani mama, anasema, ulikosa wa kukuvuta!

Nikamjibu, punda wetu hapa Chamwino hawavai hatamu na maji yanafika. Baba Anitha akacheka – kwa sauti! Mwalimu wangu, popote ulipo, ubarikiwe.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeshindwa. Baba Anitha kasema "Ma–", nikakimbilia maji. Kasukuma kikombe. Kumbe mafuta ya kuchua goti.

Maskini. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nimemnywesha maji mangapi asiyoyataka?

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata dawa: daftari hili hapa mezani. Mdomo ukiniwasha, naandika.

Mchana. Ugali wa uwele, mlenda. Kaweka tonge chini. Ananitazama.

"E–"

Nini? Embe? Msimu wake bado. Tano, sita. Sisemi!

Jasho linamtoka. Kumi na moja. Anitha kanikanyaga mguu chini ya meza, eti natikisa midomo.

"Eve–"

Jamani. Tangu huyu mtoto azaliwe mimi ni Mama Anitha tu.

Kumi na tisa. Ishirini – ruhusa ninayo sasa, Munira.

Midomo yake bado inatafuta. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.