Matanga Ambayo Sikuyaanua

Iringa, Jumamosi, Julai 1955

Sinema ilikuwa ya Kiingereza, nami nilimfasiria mke wangu Atu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanamume ameoa mara ya pili. Marehemu mkewe anarudi nyumbani, anakaa kitini na kumtania. Mke mpya hamwoni. Wazungu wa viti vya mbele walicheka sana.

Nyuma yetu kina mama walikuwa na maoni yao. "Bwana huyu hakuanua matanga," alisema mmoja. "Ameoa kilio hakijaisha. Marehemu aende wapi?"

"Akae tu, nyumba ni yake," akajibu mwenzake.

Njiani Atu aliniuliza, "Mwalimu, matanga ya Mama Eliza kule Rujewa uliyaanua?"

Nilimjibu kwamba mimi ni mzee wa kanisa, na kwamba kwao Mama Eliza, marehemu mke wangu, matanga huanuliwa kwa pombe.

"Hata chai inatosha," alisema. "Huu mwaka wa nne tangu unioe, Mwalimu, sijui kama niko kwangu."

Pombe haikuwa sababu. Siku ya kuanua matanga mzee wa ukoo husimama na kutangaza kuwa marehemu amekwenda, na mgane yu huru. Sikutaka kuyasikia maneno hayo.

Nimemwambia Atu tutakwenda Rujewa pamoja. Aliitikia tu, akaingia kulala.

Nimemwandikia shemeji yangu wa Rujewa atuitie watu wa ukoo. Barua ina mistari minne, nayo imenichukua saa mbili.