Vyungu Viwili kwenye Karatasi

Jumamosi. Upepo wa ziwa umeamka na sisi. Hapa Kitaji mabati yanapiga kelele toka alfajiri, na moyo wangu nao hautulii. Habari yako, Shajara. Wegesa, mjukuu wangu, anasema lazima nianze kwa kukusalimia. Mimi nasema, yeye anaandika kwenye simu. Asinikate tu.

Leo nimesoma.

Mimi, ambaye shule nilikuwaga naipita nje nikichunga. Nimesoma karatasi ya chuo kikuu na hakuna mtu amenisaidia. Ngoja nianzie mbali.

Nimezaliwa upande wa Butiama, kwa watu wa ng'ombe. Ng'ombe niache, nikianza habari ya ng'ombe hatumalizi leo. Nikaolewa Bunda, pale Nyasura, wakati huo ni pamba tu mpaka macho yanachoka. Aliyenioa anaitwa Nyangeta. Nyangeta alikuwa mwanamke, mjane, hakujaliwa mtoto. Kwetu mama wa hivyo anatoa ng'ombe kwa baba yako, anakuoa, na watoto utakaozaa ni wa nyumba yake. Tunaitaga nyumba ntobhu. Haikuwa ajabu. Nilimwita Mama, lakini mwenye mji alikuwa yeye, na alinitunza kuliko wanaume walivyowatunza wenzangu. Hilo usilipunguze, Wegesa.

Uhuru tulishapata, ikaja ujamaa, tukaambiwa tuhame tukae pamoja karibu na barabara. Karani akaja kugawa viwanja. Kwetu akauliza mwenye kaya ni nani. Nyangeta akasema, ni mimi. Karani akaandika jina la marehemu mume wake, mtu alishaoza zamani.

Nyangeta akashika jembe akarudi shamba. Ila alikuwaga anaimba akilima, na baada ya siku ile jembe likawa linalia peke yake.

Ndio akaja mwanafunzi wa chuo, kutoka Dar es Salaam. Suruali yake pana huku chini, mbigili za njia nzima zilikuwa zimeshika pale. Amekuja kusoma mila zetu, matambiko, namna tunavyooana. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mtu anapanda treni mpaka Mwanza, anapanda basi, kuja kusoma sisi!

Alikuwa na adabu lakini. Akasema kabla ya kuongea na mimi anataka ruhusa ya mume wangu. Nikamwambia yuko kwenye pamba. Akaenda, akarudi anajifuta jasho.

"Shemeji, kule nimemkuta bibi mmoja tu."

"Ndiye huyo."

Alikaa kwenye kigoda. Uji wake ulipoa.

Nikamweleza yote, akawa anachora. Mwanaume anamchora kama paa la nyumba. Mwanamke mviringo, kama mdomo wa chungu. Mistari miwili katikati ni ndoa, mstari wa kushuka chini ni mtoto. Nilielewa mara moja. Hata Wegesa anasema wenzake chuoni iliwachukua wiki.

Akauliza baba wa mtoto niliyembeba mgongoni tumweke wapi. Nikamwambia huyo ni mpita njia, aje na karatasi yake mwenyewe.

Halafu nikaona Nyangeta amemchora paa. Anasema vitabuni mume ni paa, hakuna namna ingine.

Nakiri hapa, nilimwonea aibu msomi. Nikaacha Mama anageuzwa mwanaume mbele ya macho yangu.

Jioni Nyangeta akarudi, akauliza zile alama ni nini. Nikamweleza. Akaangalia lile paa, akanyamaza kama alivyomnyamazia karani. Hapo nikashindwa. Nikachukua penseli ya yule kijana, siku yangu ya kwanza na ya mwisho kushika penseli, nikachora chungu juu ya paa. Kilipinda kidogo.

"Shemeji, hii haipo kwenye vitabu."

"Basi vitabu vyako havijafika Bunda."

Nyangeta alicheka. Lakini yule kijana aliondoka na karatasi, anasema ataichora upya vizuri akifika chuo. Upya! Neno hilo lilikaa na sisi miaka. Nyangeta akawa ananiuliza wakati wa kuchambua pamba, eti unafikiri kule Dar mimi ni paa au chungu? Mara ya mwisho aliniuliza akiwa kitandani anaumwa, amelala ubavu. Nikamjibu chungu, Mama. Nilikuwa sijui.

Wegesa naye akaenda chuo kusoma hayo hayo, mila, dini, na lile jina refu, anthropolojia, amenifundisha mara tatu bado linaniponyoka. Watu hapa wakasema mtoto ataishia kupiga ramli. Mimi nikampa kazi moja: nitafutie karatasi ya yule shemeji. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Mwaka wa pili huu, akaipata kwenye stoo ya laibrari, kitabu kimefungwa kwa kamba, akapiga picha. Jana ameshuka kwenye basi. Leo asubuhi akanipa simu, akaanza kunisomea maandishi ya chini.

Nikamwambia nyamaza, hii nasoma mwenyewe.

Wegesa akanishikia simu kwa chini. Nikasoma. Chungu. Mistari miwili. Chungu. Mstari wa kushuka, halafu kapaa kadogo, ndiye yule niliyembeba, baba yake Wegesa.

Na chungu cha kushoto kimepinda kidogo, na ndani yake lile paa bado linaonekana. Hakuchora upya. Alibandika ile ile.

Nimeimba, Shajara. Jirani amekuja kuuliza kuna harusi gani.

Kesho nashika basi la kwanza la Bunda. Kaburi la Nyangeta liko Nyasura, nyuma ya nyumba yetu ya zamani, na majani yameota. Nitang'oa majani kwanza, halafu nitamsomea.