Mrushaji Aliyemwoa Kemunto

Blaine, Minnesota

Dada yangu Kerubo,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, goti limeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima, na theluji hatimaye imetuachia ua.

Uliniagiza nimchunguze huyo Osniel, Mkuba anayetaka kumwoa binti yako, kisha nimkatalie kwa niaba yako. Nimemchunguza. Kazi yake ni kurusha mpira wa besiboli ili mwenzake aukose kwa rungu. Mwanamume mzima! Na ukimsikia akijisimulia, utadhani ni yeye aliyeigawa Bahari ya Shamu.

Anasema akiwa kijana alitoroka hotelini Meksiko, wenzake wa timu ya taifa wakiwa mezani wanakula, akaingia gari la wakala aliyemwahidi Marekani. Hakumuaga hata mamake. Huku alichukuliwa na timu kubwa, jina lake likaimbwa, akanunua magari asiyokuwa na pa kuyaendesha. Kisha mshipa wa kiwiko ukachanika. Kwa kiburi akaficha, akaendelea kurusha mpaka mkono ukagoma. Wakampasua, wakamjaribu tena, wakamwacha. Siku hizi anarushia kitimu kimoja cha Saint Paul, ambako watu huja kwa ajili ya soseji. Naye bado anatembea kama gavana.

Jumamosi nilienda na Kemunto kumtazama, na sikufichi, nilienda kufurahia aibu yake. Sikuikosa. Mpira wake wa kwanza ulipigwa ukapotelea nje ya uwanja, wa pili vivyo hivyo. Wakamzomea. Kocha alipokuja kumtoa, Osniel akawavulia kofia waliomzomea, kana kwamba wanampigia makofi! Nilicheka kwa sauti. Kemunto hakunitazama.

Baadaye tukaenda kula Roseville. Mkono ulikuwa umemvimba hata kisu hakikushikika. Nilingoja asingizie kwamba hana njaa. Badala yake alimsukumia Kemunto sahani, mbele yangu na mbele ya wahudumu waliomtambua, akasema, "Nikatie." Kemunto akamkatia nyama vipande vidogo vidogo, huku wakibishana juu ya ule mpira wa pili. Akala yote. Kisha akanigeukia na Kiswahili chake kibovu: "Mjomba, mpira basi. Leo mwisho."

Sasa dada, keti kwanza. Jumatatu walifunga ndoa mahakamani, na mmoja wa mashahidi waliotia sahihi ni mimi. Maneno yako yote ya kumkataa nilikuwa nayo tayari. Kemunto aliponiuliza kama nitasimama naye, nilienda kupiga pasi suti.

Bado namdharau mtu huyo. Anajisifu, na anaimba bafuni kwangu hadi maji ya moto yanaisha. Lakini mimi nimeoa mara mbili, Kerubo, na sikuwahi kumruhusu mke yeyote anikatie nyama.

Osniel atakupigia simu Jumapili. Tafadhali pokea, na matusi uniwekee mimi. Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani, Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako,
Naftali