Saa Yangu ya Shaba na Ndimu za Shangazi

Jumamosi, baada ya alasiri. Temeke. Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha, joto la kukera tu. Nina hasira. Naandika ili nisivunje kitu.

Wanaonisoma humu siku nyingi wanaujua ugonjwa wangu wa saa. Nina sita kwenye kopo la biskuti, zote za mtumba, zote za kiume, na maneno ya watu kuhusu mwanamke anayevaa saa kubwa kama ya nahodha nimeshayazoea. Ya saba ndiyo hii ya shaba. Niliitafuta miaka miwili. Ina vibonye pembeni vya kupimia muda: unabonyeza inaanza kuhesabu, unabonyeza tena inasimama. Ilikuja inang'aa kama sufuria jipya, na mimi sikuitaka ing'ae.

Shaba ina tabia yake. Ukiivaa, jasho lako linaibadilisha rangi kidogo kidogo, mpaka inakuwa kahawia, pengine na kijani pembezoni. Saa mbili za aina moja zikivaliwa na watu wawili, kila moja inatoka na rangi yake. Sisi wapenzi wa saa tunainunua shaba kwa ajili ya hicho tu.

Ila jasho lililoibadilisha hii si langu.

Nilikuwa nimeivaa wiki moja Baba aliposhindwa kabisa kuinuka kitandani. Mimi ni karani kwenye bohari la vitambaa Chang'ombe, na ruhusa zangu zilikwisha mapema. Akaiomba. Nikitoka mlangoni anabonyeza, nikirudi anabonyeza tena, kisha ananisomea hukumu: "Leo umenitupa masaa tisa na dakika kumi na mbili." Tunacheka wote. Mimi nilikuwa nacheka huku roho inaniuma.

Aliivaa miezi mitano, kwa homa na kwa jasho lile la dawa. Shaba ikawa nyeusi karibu yote, na kijani kikakaa chini ya vibonye, pale kidole gumba chake kilipozoea kugusa.

Siku aliyofariki nilikuwa kazini. Niliporudi, mshale ulikuwa bado unatembea.

Niliusimamisha mimi.

Tangu hapo sikuivaa, wala sikuiweka kwenye kopo pamoja na zile sita. Niliiacha kwenye kabati la sebuleni, karibu na chetezo cha ubani, mrashi wa kunyunyizia marashi na sinia la marehemu bibi, vyote vya shaba. Huo ndio upumbavu wangu.

Wiki ijayo ni hitima ya arobaini. Shangazi, dada yake Baba wa pekee, alikuja jana kutoka Mbagala kusaidia maandalizi. Kwetu, wageni wakikaribia, kila chombo cha shaba kinashushwa na kusuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ujione meno. Hakuna anayeagizwa, inafanyika tu. Leo asubuhi nilikwenda sokoni kununua nazi, nikakawia hadi karibu na adhuhuri. Nilirudi nikamkuta uani, kakaa kwenye jamvi, vyombo kavipanga mbele yake. Mwisho wa mstari ilikuwepo saa yangu, inang'aa kama siku niliyoinunua.

"Hiyo ndiyo imenitoa jasho," akasema, kafurahi kweli. "Nimeisugua masaa mawili na mswaki. Ilikuwa na uchafu hiyo, mwanangu, we acha tu. Kaka'angu hakuwaga mtu wa kuvaa kitu kichafu. Watu watakuja hapa, wataiona, watasema alikufa hana wa kumtunza."

Nilitamani kulia, badala yake nikasema. Nilimuuliza nani kamruhusu kushika vitu vya watu. Nilimwambia miezi mitano nzima alikuja mara nne, halafu leo ndiyo anajitia kumtunza. Yote hayo niliyasema nimesimama na yeye amekaa, mtu mwenye umri wa kunizaa, majirani wanasikia.

"Na huo uchafu ndio ulikuwa Baba," nikamalizia.

Akaitazama saa, kisha akaitazama mikono yake. Akaninyooshea mmoja nimsaidie kuinuka, maana magoti yanamsumbua. Sikuushika. Akainuka kwa kushika ukuta, akachukua mtandio wake, akaondoka. Chai yake iko mezani mpaka sasa.

Saa ninayo mkononi. Inanuka ndimu. Nimemulika chini ya vibonye kwa tochi ya simu, hakuna kitu. Shangazi akisugua, kasugua. Hasira ziko palepale, sitadanganya. Kitu kisichorudi hakirudi kwa sababu aliyekiondoa alikuwa na nia nzuri.

Lakini nimekaa nalo lile neno lake, kwamba watasema alikufa hana wa kumtunza. Ndilo lililonichoma kuliko ndimu na majivu, kwa sababu mwezi mzima huu nimekuwa najiambia hivyohivyo mwenyewe. Nikamtupia yeye mara zake nne. Mara zangu za kumwacha, Baba alizihesabu kwa saa hii hii, na ile ya mwisho hakuwahi kuisoma.

Na kuna jambo nililiona pale uani, nikajifanya sikuliona. Mkono alioninyooshea ulikuwa umechubuka kwa ndimu, na ndani ya kucha, zote tano, kulikuwa na kijani.

Kesho na mapema nakwenda Mbagala, kabla hajaanza kufua na sabuni kuziosha zile kucha. Pengine nitafika bado nimenuna. Nitamwamkia hivyohivyo, na mkono wake nitaushika.