Neno la Mwisho la Aya

Haifa, Alhamisi

Kaka yangu Anshel,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Perla na watoto, na kwamba baridi ya huko Montreal imeanza kulegea. Sisi tupo. Goti langu ni lile lile, na Gershon bado anagombana na kila mtu sinagogini kuhusu madirisha. Ukiniuliza hali yangu mwenyewe, sijui nikujibu nini. Nakula, nalala, asubuhi nafungua sinagogi. Basi.

Mzee Petru amefariki. Ulimwona ulipokuja kumzika Baba, yule Mromania mrefu aliyekaa karibu na mlango. Miaka tisa iliyopita tulipungukiwa mtu mmoja kutimiza wanaume kumi wa Kiyahudi, ambao bila wao sala ya pamoja haisomwi, Gershon akamkamata barabarani akamwambia, njoo mzee wangu, dakika ishirini tu, hupotezi kitu. Akaja. Kesho yake akaja tena, na hakuacha. Hakuna aliyemuuliza lolote. Unajua hatuhesabu watu kwa namba. Kila mtu anapewa neno moja la ile aya ya maneno kumi, na la mwisho, "milele", lilikuwa lake kwa sababu alichelewa siku zote. Gershon alizoea kumtania kwamba Masihi akifika itabidi asubiri, Milele bado anafunga viatu.

Jumatatu mimi na Gershon tulikwenda kumwosha, kama tunavyowaosha maiti wetu wote. Tulipomfunua, Gershon akaganda na ndoo mkononi. Mzee hakuwa ametahiriwa. Gershon akaninong'oneza, Mungu wangu, Faivish, huyu si mwenzetu! Nikamwambia amimine maji.

Rabi Zusman alipopata habari akatuita. Alikwisha kuulizia kwa ndugu za marehemu Tova, mke wa Petru. Kumbe Petru alikuwa Mkristo, fundi seremala, na wakati wa vita, Wayahudi walipokuwa wakisakwa, alimficha Tova chini ya karakana yake miezi kumi na minne. Kisha akamwoa, akamfuata huku. Rabi alisema mtu mwema wa mataifa kama huyu ana fungu lake katika ulimwengu ujao, sheria haina shaka juu ya hilo, na yeye mwenyewe angeona fahari kuketi karibu naye huko. Gershon akauliza, na huku je? Rabi akasema huku haingii katika kumi, wala hawezi kulazwa kando ya Tova. Gershon akafoka: peponi aingie, kwetu asiingie? Rabi alitokwa na machozi, Anshel, nilimwona. Lakini hukumu hakuibadili.

Tukamzika nje ya ua wa makaburi yetu. Sikuhisi kitu. Nilitazama viatu vyangu, nikaona vina tope.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kuandika. Wiki ile ile tuliyomzika Baba, Petru alinijia kabla ya sala, kofia mkononi, akaniambia mwenyewe kila kitu. Alisema sala ya kumwombea maiti inataka watu kumi wa kweli, na kwamba alimpenda Baba, hakutaka kumdhulumu. Mimi nilijua bila yeye tungekuwa tisa, na wewe ulikuwa umeniachia sala ya Baba mikononi mwangu. Nikamwambia, kaa mahali pako mzee, na usimwambie mtu. Akakaa. Mara mbili tena aliniomba nimwachie aende zake, nikakataa.

Miezi yote kumi na moja ya sala ya Baba, kaka. Kwa sheria Baba hajasomewa sala hata siku moja, na aliyemdhulumu ni mimi. Ninyi huko watu mnao. Nakuomba umsomee upya.

Pale kaburini walikuja wenzetu wote. Kwa mazoea nikaanza kuwahesabu, kila mtu na neno lake, mimi la kwanza, Rabi la tisa. La kumi likabaki mdomoni mwangu. Mwenyewe alikuwa chini, na sikuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Nisalimie shemeji Perla, uwabusu watoto. Kesho nitafungua sinagogi kama kawaida. Tutakuwa tisa.

Ni mimi mdogo wako,
Faivish