Kikwembe Juu ya Mashini

Kamina, 15 Novemba 1998

Baba Kitenge,

Jambo sana. Uko muzima huko Lubumbashi? Siye tuko bazima, mutoto peke njo iko na kikohozi kidogo. Mama yako anakusalimia.

Mashini ya kompyuta yenye ulituma ilifika. Niliweka CD ya Linux, ile programu ya kuitembeza, vile ulinifundisha. Nikafika pa formatage, kule kusafisha disque yenye inachunga maandiko, ikaenda nusu, ikasimama. Ikaandika erreur, kosa! Nikaanza tena: erreur. Yo! Ulisema siku mashini itatembea njo utarudia, tufungue secrétariat ya kuandikia bantu barua hapa nyumbani, usiende tena mbali. Basi nifanye nini?

Bibi yako, Mama Kitenge

Lubumbashi, 6 Desemba 1998

Mama Kitenge,

Jambo mingi. Kikohozi ya mutoto inaendaje? Miye niko muzima, ila kulala peke yangu inanichosha.

Usilie. Fungua kisanduku ya mashini, kaza ule mukanda mupana wa nyuzi wenye unafika pa disque. Rudilia formatage, uache mashini itafute fasi zenye kuharibika. Ikikatala, guse disque na mukono, uniambie.

Bwana yako, Baba Kitenge

Kamina, 20 Januari 1999

Baba Kitenge,

Siye bazima, kikohozi iliisha. Weye unakula muzuri?

Mukanda nilikaza. Fasi mbaya hakuna. Lakini inakatala tu! Nikagusa: iiih, moto kama pasi! Na ninaichunga sana, Daudi. Kitu ya muntu mwenye hayuko haibaki wazi, unajua vile tunafanya kwetu. Nilikamata kikwembe yenye ulininunulia, ile nguo nilisema nitavaa siku utashuka train, njo nikafunika mashini pande zote. Hata ikitumika siitoi.

Bibi yako, Mama Kitenge

Lubumbashi, 11 Februari 1999

Mama Kitenge,

Jambo, bibi yangu. Nilicheka mpaka patron wa kazi akaniangalia. Kisha roho ikaniuma.

Mashini inapumulia nyuma, Fadhila, na weye unaiziba pua! Disque inapata moto, njo maana inakatala. Toa kikwembe, anza asubuhi kungali baridi.

Bantu banasema, juu ya vita, train itabeba basoda tu. Lakini formatage ikipita, nitapanda hata juu ya mizigo.

Bwana yako, Baba Kitenge

Kamina, 3 Juni 1999

Baba Kitenge,

Jambo. Uko muzima? Ninaandika, ninaandika, jibu hakuna. Ndege za base ya basoda tu njo zinapita. Kabamba, mwenye anatumika pa train, anasema atajaribu kufikisha hii.

Nilitoa kikwembe. Formatage ilipita mpaka mwisho! Nilipiga kelele, mama yako akakimbia kutoka jikoni akifikiri umefika. Nilimuhurumia.

Kikwembe hairudi tena juu ya mashini. Ninaivaa kila nikienda gare kukuangalia pa train.

Linux iliingia yote. Ikauliza jina ya mwenye atatumika, nikaandika Daudi. Ikauliza mot de passe, neno ya siri, nikatoa mikono. Hiyo kuya uandike weye mwenyewe.

Jana courant ya umeme ilikatika kabla kazi haijaisha. Leo nimeanza tena, nimefika palepale, nimeandika Daudi.

Bibi yako, Mama Kitenge