Neno «Benefisyeri»

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumapili kisha misa

Kaka yangu Nyandwi,

Salamu nyingi toka kwetu. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tunapumua tu. Mvua imebomoa ukuta wa jikoni, mahindi ya soko la Mponela yamepanda bei, lakini batoto wangu wako salama. Mama anakuombea kila asubuhi.

Nimepata ujumbe wako wa hasira. Unasema Gatera alikula franga za operesheni ya macho ya Mama, kwa sababu zilipitia konti yake, sisi hatuna konti. Hapana, kaka! Gatera alifunga duka lake la vitenge kule soko la Tsoka, akanipeleka mwenyewe benki, akaomba nioneshwe kila kitu. Nilikuonea aibu.

Dada wa benki alinieleza polepole. Franga haziji moja kwa moja. Zinapita benki ingine ya katikati, ile inakata yake, kisha ya hapa nayo inakata. Unapotuma, unaulizwa nani atabeba makato hayo: anayetuma, anayepokea, ao mgawane. Wewe kila mara unachagua «benefisyeri». Ee Nyandwi! Najua ulivyofikiri: benefisyeri, basi benefisi, ile faida, itakuwa ya Mama. Kumbe benefisyeri ni anayepokea, maana yake Mama njo anakatwa. Mara ya kwanza zilipungua, hospitali ikakataa kuanza bila zote. Ukatuma za kujazia, ukachagua neno lile lile, zikapungua tena. Mi nikawa nampakia Mama kwenye kabaza, ile baiskeli ya kukodi, mpaka barabarani, twende Lilongwe, turudi bure, na kila safari anaona kidogo kuliko ile iliyopita.

Siandiki ili nikugombeze. Nimechoka kuficha, njo maana nasema yote leo. Usitume tena za macho. Daktari alisema presha ya macho imeshamaliza kazi yake, hakuna tena cha kupasua. Jumapili iliyopita ulipopiga video, Mama akasema umenenepa na shati la bulu linakupendeza, hakuwa anakuona. Mi nilikuwa nyuma yake, namnong'oneza sikioni. Yeye njo alitaka hivyo. Anasema ukijua, hutalala.

Gatera anakusalimia, umuombe radhi. Mama naye anakusalimia, anauliza kila siku utapiga lini. Usimwambie kwamba umeshajua. Ukipiga, uvae tena lile shati la bulu, ili Mama alitaje mwenyewe bila mi kumnong'oneza.

Mdogo wako akupendaye,
Fidès